Mwenye Nne na Mwenye Tisa

"Nne! Toa kile kiti changu, mletee mgeni."

Nyanjige alikuwa jikoni anageuza michembe ya viazi kwenye sufuria. Aliposikia sauti ya baba yake alitabasamu bila kutaka, maana tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, Mzee Malimi alikuwa ameacha kumwita kwa jina lake. Alimwita Nne. Pointi nne, divisheni wani, wa kwanza kwa wasichana wa shule nzima. Mzee huyu hana mazoea ya kusifu. Hata ng'ombe wake bora humsifu kwa kumpapasa mgongoni tu, basi, kisha anaendelea na safari zake. Leo amezichukua pointi za bintiye na kuzifanya jina la kumbembelezea. Na tangu vyuo vitangaze waliochaguliwa, jina lake likakosekana kote alikoomba, neno hilo moja ndilo lililokuwa likimtoa kitandani kila asubuhi.

"Abee, baba," akaitikia, akafuta mikono kwenye khanga.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao nzito, chenye mgongo mrefu, na hapo nyumbani hakikaliwi na mtu mwingine. Hata padri alipokuja kubariki nyumba alipewa benchi. Nyanjige akakibeba akiwaza ni mkubwa gani huyo aliyefika Dutwa jua la mchana namna hii. Alipotokea uani nusura kimponyoke.

Mgeni alikuwa Mayige.

Alikuwa amesimama pembeni ya baiskeli yake, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa polisi bila kuambiwa kosa. Macho yao yakakutana. Moyo wa Nyanjige ukaruka, halafu ukakasirika kwamba umeruka. Alikuwa hapokei simu za kijana huyu tangu siku ile vyuo vilipotoa majina.

Walipendana wakiwa kidato cha tano. Nyanjige na Mayige, wote wawili majina ya nzige, moja la kike na jingine la kiume, na wenzao shuleni waliwatania kwamba hao wakioana watamaliza mashamba ya watu. Lakini Mayige ni mtoto wa Mama Esteria, yule mama anayeuza dagaa wa Kalemela pale senta, na kwao hakuna ng'ombe hata wa kuazima. Mzee Malimi alikwisha kutamka, tena mbele ya watu, kwamba nyumba isiyonuka mavi ya ng'ombe haitaoa kwake. Mara ya mwisho Mayige kukanyaga uani hapo alitoka mbio, na mbwa nyuma yake.

Leo anapewa kiti.

"Mwadila, baba," Mayige akasalimia, magoti yamepinda kwa heshima.

"Mwadila, mwanangu. Kaa."

Mwanangu. Nyanjige alidhani amesikia vibaya. Akaangalia upande wa mama yake, Monika, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni. Mama naye alikuwa ameacha kuchambua.

Mayige akakaa kwenye ncha ya kiti, kama kinaunguza. Mzee akaagiza maziwa mgando, na Nyanjige akaleta kibuyu na vikombe. Wakati anamimina, baba yake akakohoa, akaanza.

"Mimi nilikukosea. Nilikuona huna kitu, kumbe ulikuwa na kichwa. Pointi tisa. Na sasa nasikia vyuo viwili vinakugombania, kama madalali wanavyogombania dume la mnadani. Udaktari." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu wa kwangu alijitahidi, simlaumu. Ila nne ni nne. Siku ile ya matokeo mama yake alipotoka huku anapiga vigelegele, huyu nne, yule tisa, mimi niliumia nikanyamaza. Nikachinja yule mbuzi nimfute machozi. Namwita Nne ili alizoee, asije akaona haya mbele za watu."

Maziwa yakamwagika. Nyanjige aliyatazama yakitambaa mezani na hakuyafuta.

Yule mbuzi. Nyanjige alikula nyama yake akicheka, akilamba vidole, akijiona binti anayependwa kuliko wote wilaya ya Bariadi. Kumbe ulikuwa msiba wake, naye alikuwa mfiwa pekee asiyejua.

"Sasa vyuo vimesema," mzee akaendelea, kwa upole uliozidi kuumiza. "Vimechukua tisa, vimeacha nne. Hayo maneno ya kuomba tena dirisha la pili tuyaache, mtoto asijitese. Wewe nenda ukasome. Huyu atakungoja hapa. Tukishauza pamba, walete wazee wako tuzungumze."

Nyanjige hakuelewa akae upande gani wa maneno hayo. Baraka aliyoililia miaka miwili, akaiombea mpaka novena, ilikuwa imetoka kinywani mwa baba kwa hiari yake. Na kwa pumzi hiyohiyo mlango wa chuo ulikuwa umefungwa na komeo kutiwa. Alitaka kupiga magoti ashukuru, na alitaka kupiga kelele.

Akamwangalia Mayige. Mayige anajua. Kila aliyefika kidato cha sita anajua kwamba pointi za mtihani wa taifa zinavyopungua ndivyo zinavyopendeza, kwamba mwenye tatu ndiye kinara na mwenye tisa ameponea mlangoni mwa divisheni wani. Neno moja tu lilitosha. Akamngoja.

Mayige akameza funda la maziwa. Akatazama kikombe, akamtazama mzee.

"Asante, baba," akasema.

*

Alimkuta nyuma ya zizi, penye ua wa minyaa. Au tuseme Mayige ndiye aliyemfuata, maana Nyanjige alikuwa amekwenda huko kulia peke yake.

"Nyanjige, nisikilize."

"Nimeshakusikiliza. Umesema asante."

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Ukweli. Haukuwa mrefu."

Mayige akasogea, akasimama mbali kidogo, akijua asiguse. "Miaka miwili ananifukuza. Miaka miwili nakuona kwa kuibia, nyuma ya kanisa, stendi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Leo ananiita mwanangu, ananipa kiti chake. Wewe ungeufungua mdomo?"

"Ningeufungua."

"Kirahisi hivyo?"

"Si kirahisi." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Umekubali uwe na akili kunishinda mimi ili upewe mke. Kama ungeniomba nikupe akili zangu ningekupa, Mayige. Wewe umezichukua nikiwa nimesimama pale pale nashika kibuyu."

Hilo lilimpata. Aliinama, akaokota kijiti, akakivunjavunja.

"Wewe ulitaka nini hasa?" akauliza taratibu. "Nikimwambia, ananitoa kwa mbwa. Nisipomwambia, tunaoana."

"Nisipoomba tena, mimi ni nani? Nitakaa hapa nikungoje, watoto wako waambiwe baba yao alikuwa na tisa na mama yao ana nne? Ninapenda unioe, usinielewe vibaya. Nakupenda mpaka najiona mjinga. Lakini sitaki kuolewa kwa sababu nimefeli, wakati sijafeli."

Halafu likamtoka lile swali lililomnyima usingizi, lile ambalo ndilo hasa lililomfanya asipokee simu.

"Kwa nini walikuchukua wewe?"

"Sijui."

"Tuliomba kwa kompyuta moja. Pale kwenye duka la kompyuta la Constantine, soda moja mirija miwili. Chuo cha ziwani niliomba mimi, ukaomba wewe. Kozi moja. Nina nne, una tisa. Wamekuchukua wewe. Kwa nini?"

"Ningejua ningekwambia."

"Ulifanya kitu?"

Mayige akainua uso. Nyanjige akajuta papo hapo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Nilichofanya," kijana akasema polepole, "nilikiweka cha kwanza. Wewe ulikiweka cha mwisho, kwa sababu mwalimu alikwambia mwenye nne aanze na vyuo vyenye majina makubwa. Labda ni hilo. Constantine anasema kompyuta ndiyo inachagua. Mwalimu anasema ushindani. Binamu yangu anasema bahati. Nimewauliza wote, Nyanjige. Unadhani mimi nimefurahi? Siku niliyopata ujumbe, mtu wa kwanza kumpigia simu ulikuwa wewe, nikupongeze. Nilikuwa na uhakika kwamba kama wamenichukua mimi, wewe umechukuliwa na vyuo vyote."

Nyanjige alikumbuka simu hiyo. Aliitazama ikiita mpaka ikachoka.

Hakujua amkasirikie nani. Baba yake hakuwa mwongo. Mayige hakuwa mwizi. Kompyuta haina uso wa kuchapa kofi. Hasira ilimzunguka ikikosa pa kutua, ikarudi kumchoma mwenyewe.

"Nenda zako," akasema. "Uende tu. Sijui nataka nini."

Mayige akatupa vile vijiti, akageuka. Lakini hakuelekea kwenye baiskeli. Alirudi uani.

*

Mzee Malimi alikuwa bado kwenye benchi, anasokota tumbaku. Kiti chake kilikuwa wazi mbele yake. Mayige hakukikalia. Alichuchumaa chini.

"Baba, nina neno."

"Lete."

"Pointi za mtihani ni kama kupe."

Mzee akaacha kusokota. Nyanjige, aliyemfuata bila kuamua kumfuata, akasimama pembeni ya ghala.

"Ukimkagua ng'ombe kabla ya kumpeleka josho," Mayige akasema, "unamkuta ana kupe wanne. Mwingine unamkuta na kupe tisa. Nani amependeza?"

"Wa wanne. Hilo nalo la kuuliza? Na wewe huna ng'ombe, kupe umewajulia wapi?"

"Nilichunga ng'ombe wa watu, baba, kabla ya sekondari." Akavuta pumzi. "Nyanjige ana kupe wanne. Mimi ninao tisa. Shule nzima hakuna msichana aliyekuwa msafi kama yeye, na wavulana aliwaacha karibu wote, mimi nikiwemo. Mama alipopiga vigelegele alikuwa na haki."

Mama Nyanjige aliuweka ungo chini pole pole, akajishika mdomo, maana ndiyo kwanza naye alikuwa anaelewa mumewe alikula mbuzi gani siku ile.

Mzee akamwangalia kijana kwa muda. "Wewe unanichezea. Chuo si kinataka wengi? Mbona kimechukua tisa?"

"Kwenye chuo wanahesabu upya, baba. Huko ni kweli wanataka nyingi. Lakini wakihesabu kwao, nne ya Nyanjige inageuka kumi na nne. Tisa yangu inabaki tisa."

"Kwa hiyo wakihesabu kwa chache, anakushinda."

"Ndiyo, baba."

"Wakihesabu kwa nyingi, anakushinda."

"Ndiyo, baba."

"Na wamekuchukua wewe."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Sijui, baba."

Mzee Malimi akageuza uso, akamtazama binti yake pale pembeni ya ghala. Alikuwa mtu aliyekaa minadani maisha yake yote, akijua kwa jicho tu dume gani litanunuliwa na lipi litarudi nyumbani, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Nyanjige hakuwahi kukiona. Mzee alikuwa amepotea. Hakujua.

"Ng'wanone," akasema kwa Kisukuma cha ndani kabisa, mwanangu, sauti imekwaruza. "Na mimi nikakuchinjia mbuzi wa msiba."

"Alikuwa mtamu, baba," Nyanjige akajibu, na machozi yakamtoka.

Mzee akamrudia Mayige. Upole ulikuwa umemtoka.

"Nilipokuwa nakusifu hapa, wewe unajua yote haya?"

"Nilijua."

"Ukanywa maziwa yangu."

"Nilikunywa, baba. Nilitaka mke. Nikaona nikisema nitamkosa. Sasa nimesema."

"Na ukikalia kiti changu ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Toa mkono wako kwenye hicho kiti."

Mayige hakuwa amegundua kwamba alikuwa amekishika mguu. Akauondoa mkono, akasimama. Mzee akanyoosha kidole kwa binti yake, kisha kwa kiti.

"Nne. Kaa."

Nyanjige hakusogea. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia, hata bibi yake. Mama yake ndiye aliyemsukuma mgongoni, kidogo tu, na miguu ikamfikisha. Akakaa. Mbao zilikuwa na joto la jua, na mgongo wa kiti ulikuwa mrefu kuliko alivyodhani siku zote alipokuwa akikibeba.

"Hilo dirisha la pili," mzee akauliza, "linafunguliwa lini?"

"Karibuni, baba."

"Utaomba. Na wakikunyima utaomba tena. Mimi dume langu zuri likikosa mnunuzi Dutwa silichinji, nalipeleka mnada mwingine." Akamtupia Mayige jicho. "Wewe, jua linakwenda."

"Baba, mimi na Nyanjige..."

"Sijasema usirudi. Nimesema toa mkono."

*

Nyanjige alimsindikiza mpaka barabarani, mama yake akijifanya haoni. Mayige alikuwa anaikokota baiskeli na wala hakuipanda. Basi la Bariadi likapita, likawaachia vumbi, nao wakasimama kulingoja litulie.

"Umenisamehe?"

"Sijui," Nyanjige akasema, na ulikuwa ukweli mtupu. "Nusu. Ile nusu nyingine bado inasikia unasema asante, baba."

Mayige akaitikia kwa kichwa. Akatoa simu. "Leo ndiyo mwisho wa kuthibitisha. Aliyechaguliwa vyuo viwili lazima aseme anakwenda wapi. Nilikuwa nakungoja upokee simu."

"Utathibitisha cha ziwani. Ndicho cha karibu. Si tulisema?"

"Tulisema." Alikuwa tayari anabonyeza, anaingiza ile namba ya siri waliyomtumia, midomo ikiisoma kimya. "Lakini nikikubali kile kingine, cha kusini, kiti changu cha ziwani kinabaki wazi. Dirisha la pili wanajaza viti vilivyobaki."

Nyanjige alichelewa kuelewa. Alipoelewa alimshika mkono.

"Kusini ni mbali, Mayige. Siku mbili kwenye basi. Huna mtu huko. Kuna baridi, wewe hata hapo Ngudu tu ulikuwa unasema kuna baridi."

"Nitanunua sweta."

"Na kama kiti chako watampa mtu mwingine? Mwenye tisa mwenzako? Mwenye kumi? Hawa watu umewaona, hawahesabiki. Utakuwa umekwenda kule bure."

"Inawezekana."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Leo nimeulizwa kwa nini mara nyingi, na kila mara nimejibu sijui." Alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu, labda ni vumbi. "Hiki peke yake nakijua. Pale uani nilikichukua kiti ambacho si changu. Sasa kuna kimoja ambacho ni changu kweli, ninaweza kukiacha. Niachie nikiache."

Mkono wa Nyanjige ungeweza kumzuia. Alifikiria hivyo baadaye, mara nyingi, kwamba pale barabarani vidole vyake vilikuwa juu ya vidole vya Mayige na alikuwa na nguvu za kutosha. Alitaka aende naye ziwani. Alitaka kiti kile. Alitaka vyote, na aliona haya kwa kuvitaka. Hakujua kama anachokiona mbele yake ni mapenzi makubwa au ni ujinga mkubwa, na kama kuna mtu aliyewahi kuvitofautisha.

Akalegeza mkono.

Mayige akabonyeza. Simu ikafikiri, mtandao ukizungukazunguka, kisha ikaandika kwamba amethibitisha. Akamwonyesha kioo, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema. Kisha akapanda baiskeli yake na kuondoka kuelekea senta, mgongo umenyooka, na hakugeuka nyuma. Kama angegeuka, Nyanjige angemkimbilia, na wote wawili walilijua hilo.

Alibaki kando ya barabara mpaka shati likawa doa, doa likawa vumbi. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Sauti ya baba yake ikapanda juu ya ile milio, kubwa, ya kuwasikilizisha majirani wa pande zote.

"Nne! Wewe Nne! Njoo ukae, kiti chako kinapigwa jua."

Lilikuwa neno lilelile la mchana.

"Abee, baba," akaitikia. Lakini alikuwa bado ameangalia barabara, na miguu yake haikujua iende upande gani.